Kasha Ambalo Shemeji Hakulifungua

Kabla hajashika hata bisibisi, shemeji alikwisha toa hukumu. Alisimama pembeni ya meza, akasikiliza feni ya kompyuta inavyolia, akasema, "Mama Mapacha, hii imefika mwisho. Hapa ni kubadilisha prosesa, ule ubongo wake. Na prosesa mpya haikai kwenye mazabodi ya zamani, ile bodi kubwa inayobeba kila kitu, kwa hiyo ni vyote viwili."

Mama Mapacha alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Alifanyia kazi kwenye kona ya sebule, kati ya kabati la vyombo na dirisha, kwa kompyuta ileile ambayo shemeji huyuhuyu, mdogo wa mumewe, alimuunganishia miaka iliyopita. Haikuwahi kumsumbua. Kisha ghafla ikaanza kugoma. Akiizungusha nyumba kwenye skrini ili aione kwa nyuma, picha inaganda na yeye anabaki ameshika tama. Na ilikuwa imechagua wakati mbaya, kwa sababu mkandarasi mmoja alikuwa amempa michoro ya shule nzima, madarasa na mabweni, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

"Huifungui kwanza ukaangalia?" aliuliza.

"Niangalie nini, shemeji? Mlio wenyewe unatosha."

Aliposema hivyo alimtupia jicho kaka yake, aliyekuwa amejinyoosha kwenye kochi na simu mkononi. Baba Mapacha hakuinua kichwa. "Si umemsikia fundi," alisema. "Na hivyo vitu bei yake haishikiki. Mimi naona uachane na hiyo shule. Ramani ndogondogo zinakutosha."

Machale yakamcheza Mama Mapacha. Fundi anayetaka kazi huipigia debe kazi yake. Huyu alikuwa ametaja tiba, halafu akanyamaza kama mtu anayeomba asiitwe tena. Aliaga bila hata kumaliza chai.

Dada yake, alipompigia simu, hakuwa na shaka yoyote. "Huyo anakuzunguka. Anataka vya zamani akaviuze kwingine. Fundi akiwa shemeji ndiyo balaa, maana utamgombeza vipi?"

Maneno yale yalimkaa rohoni, lakini hayakumtosha. Kama shemeji alitaka vya zamani, mbona hakuomba kuondoka na kasha la kompyuta?

Asubuhi, watoto walipokwenda shule na mume kazini, alichomoa nyaya zote, akalifunga kasha kwa shuka na kulipeleka kwa fundi mwingine, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Fundi huyo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Mama Mapacha hakumweleza aliyoambiwa na shemeji. Alisema tu kwamba mashine imekuwa nzito, kisha akavuta kiti na kukaa karibu, macho kwenye mikono ya fundi.

"Dada, usiogope, sing'ati," fundi alisema huku akifungua skrubu.

Ndani kulikuwa na vumbi la kijivu kila mahali. Fundi aliinama, akawasha tochi, akamulika ndani.

"RAM zilikuwa ngapi?"

"Mbili. Vile vijibao vyembamba, si ndiyo? Niliviona vikiwekwa."

"Sasa kipo kimoja. Njoo uone."

Kweli, nafasi moja ilikuwa tupu. Na kuizunguka, mahali ambapo kila kitu kilikuwa na vumbi, palikuwa na alama mbili safi za vidole.

"Hii haikuanguka yenyewe," fundi alisema. "Kuna mtu kaichomoa, tena juzijuzi tu. Mashine imebakiwa na nusu ya nafasi ya kufanyia kazi, ndiyo maana inahema."

"Na prosesa?"

"Ni ya zamani, siwezi kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini kwanza tafuta kilichopotea, ndipo tujue ugonjwa wenyewe ni upi."

Mama Mapacha aliliacha kasha palepale, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha shemeji. Njiani alijikumbusha zile Jumapili ambazo shemeji alikuja kutazama mpira, na yeye akawaacha ndugu wawili sebuleni akaenda sokoni. Alipofika alikuwa amekwisha mtia hatiani.

"Shemeji, RAM yangu iko wapi?"

Shemeji aliweka chini simu aliyokuwa akiitengeneza. Hakuuliza RAM gani, na hilo lilimuumiza Mama Mapacha zaidi.

"Sijaichukua mimi."

"Nani basi?"

"Shemeji, usinitie katikati." Akajifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu. "Nyumbani kwenu nani mwingine anajua kulifungua hilo kasha? Nilimfundisha mwenyewe, awe anafuta vumbi."

"Baba Mapacha?"

"Aliniomba nikwambie mashine imekufa," shemeji aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Nikakataa kusema uongo. Nikaona niseme jambo la kweli, kwamba prosesa na mazabodi ni vya zamani. Na ni vya zamani kweli."

"Kwa hiyo ukweli wako ulikuwa wa kunidanganyia."

Shemeji aliiokota tena ile simu aliyokuwa akiitengeneza.

Jioni, Baba Mapacha alikuta kasha limerudishwa kutoka kwa fundi, liko juu ya meza ya chakula, ubavu wazi. Alilitazama, akavua viatu taratibu, akaingia chumbani. Alirudi na kijibao kile, akakiweka mezani. Alikuwa amekificha kwenye kisanduku cha dawa ya viatu.

"Unaniibia ndani ya nyumba yetu?"

"Sikuiba. Niliificha."

"Kwa nini?"

"Yule mkandarasi wako anapiga simu tukiwa tunakula. Unaondoka mezani, unakwenda kucheka naye uani."

"Anauliza vipimo vya madirisha."

"Ndivyo unavyosema."

Mama Mapacha alimwangalia kama mgeni aliyekosea mlango. Alishika simu yake ampe asome ujumbe wote, neno kwa neno, kisha akasita. Akisoma leo, kesho atataka kusoma tena. Akairudisha mfukoni.

"Ungeniuliza," alisema.

"Ungenijibu nini? Siku hizi unanijibu ukiwa umeikodolea skrini."

Hilo hakuweza kulikana. Lakini hakumwambia hivyo.

Alikirudisha kijibao mahali pake mwenyewe, akawasha. Madarasa yalizunguka bila shida, na moyo wake ukatulia. Alipoongeza mabweni, picha ikaganda. Akajaribu tena, ikaganda palepale. Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake.

"Unaona? Kweli imezee..."

"Usiseme kitu."

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba ushauri wa shemeji ulikuwa sahihi, na hakuwa na namna ya kuupokea bila kuona mkono wa mumewe ndani yake. Kwa siku kadhaa aliupima. Akiacha kubadilisha, shule inamponyoka na mumewe atakuwa amepata alichokitaka. Mwishowe alilipia prosesa na mazabodi kwa malipo ya awali ya mkandarasi. Shemeji alituma ujumbe kwamba atavifunga bure. "Asante, shemeji," alimjibu. "Nina fundi."

Fundi wa ghorofani alikuja na kuvifunga mchana, Mama Mapacha akiwa amekaa kando yake mpaka skrubu ya mwisho. Shule nzima ikazunguka kwenye skrini, paa, ngazi na mabweni, bila kukwama.

Baba Mapacha aliporudi alikuta meza ya kazi imegeuzwa. Sasa mgongo wa mkewe ulikuwa ukutani, na kutoka kitini pake aliweza kuiona sebule yote pamoja na mlango wa chumbani.

"Mbona umeigeuza?"

"Mwanga," alisema. "Dirisha lilikuwa linanichoma macho."

Mumewe alilitazama dirisha, ambalo wakati huo lilikuwa na kivuli, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaenda kuandaa sahani za watoto.