Kibao Kwenye Shingo ya Mwalimu

Shuleni hapo, aliyeteleza akasema Kiswahili alivishwa kibao cha mbao shingoni mpaka amnase mwenzake. Binti wa fundi viatu, ambaye nyumbani hakuwa na wa kuongea naye Kiingereza, aliona heri afunge mdomo kabisa. Wenzake wakamwita Kimya. Asipofungua mdomo kwenye mtihani wa kuzungumza Kiingereza, angekariri darasa.

Asubuhi moja mwalimu mpya wa Kiingereza alisoma hadithi, akaona nyuso zimeduwaa, akaieleza upya kwa Kiswahili.

"Mwalimu umenaswa!" darasa zima likalipuka.

"Haya, leteni mali yangu." Akakivaa kibao kama mkufu wa bibi harusi, akapita kati ya madawati kwa maringo. Watoto wakacheka hadi wakashika mbavu.

Mwalimu mkuu akaingia mbio. "Jamani, kuna nini humu?"

"Kiswahili hicho, mzee!" Mwalimu akamvisha.

Mkuu akakunja uso, akaangalia kifua chake, uso ukamkunjuka wenyewe. Alicheka mpaka akaegemea dirisha.

Kimya naye machozi ya kicheko yalimtoka, na kabla hajakumbuka kuogopa alishasema, kwa Kiingereza kilichojaa makosa, kwamba kibao kinampendeza mkuu kuliko tai yake.

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Rudia, mwanangu," mkuu akasema.

Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akaongeza kwamba hata tai yenyewe imepinda.

"Mwalimu," mkuu akasema huku akiinyoosha tai, "huyu mtihani wake umeshaisha. Mpe alama."