Pipi za Babu

Babu yangu ni fundi cherehani, na tangu nizaliwe mimi ni mke wake mdogo. Bibi ameridhia, anasema angalau nimpunguzie mzigo. Kwa hiyo asubuhi ile babu aliponikazia macho akauliza, "Wewe ni binti wa nani?" tulicheka wote. Baba alicheka mpaka chai ikampalia.

Mimi ndiye niliyenyamaza kwanza. Babu akitania, kona ya mdomo humcheza. Siku hiyo mdomo ulikuwa umetulia, umekauka kama karatasi.

Baadaye akamkabidhi mteja gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Baba akasema basi, uzee umeshapiga hodi. Akaufungia mkasi kabatini, akaanza kutafuta mtu wa kumwachia cherehani. Babu hakubisha, na hapo ndipo nilipoogopa, maana babu hubishana hata na saa ya ukutani.

Nilimkuta na sindano mkononi. Anaulamba uzi, unatoka mkavu, nyuzinyuzi zimechanua.

"Mate yameniishia," akaninong'oneza, kama anayetoa habari za msiba.

Nikamrudisha kliniki walikompa vidonge vya kibofu, kwa sababu alikuwa akikimbilia chooni na kuwaacha wateja wamezungushiwa futi kiunoni. Daktari akauliza kama anatumia dawa nyingine. Babu akaapa hakuna.

"Na zile pipi?" nikamkumbusha.

Kwa babu, dawa ni ile iliyoandikwa na daktari. Vidonge vya mafua vinavyouzwa dukani karibu na sabuni ni pipi, naye alikuwa akizimeza asubuhi na jioni tangu aanze kupiga chafya.

Daktari hakucheka. Aliuliza kuhusu presha ya macho, tezi dume, na mkojo. Babu akakiri kwa aibu kwamba sasa mkojo umegoma kabisa kutoka vizuri.

"Vyote viwili vinakausha," daktari akasema. "Kimoja mwili ungekivumilia. Vikikutana kwa mtu wa umri wako, vinafunga mkojo, vinatia ukungu machoni, na ukungu huo unafika mpaka akilini."

Pipi zikapigwa marufuku, na kidonge cha kibofu kikasimamishwa kwanza.

Siku zilipopita, baba mwenyewe aliurudisha mkasi, akauweka juu ya cherehani. Babu akalamba uzi, ukapenya tundu la sindano kwa mara moja. Kisha akanigeukia.

"Wewe ni binti wa nani?"

Hakuna aliyecheka. Sote tulikuwa tunaitazama kona ya mdomo wake.

Ikacheza.