Twalibu Aliionea Wivu Mashine ya Sataranji

Haya alinieleza mjukuu wangu Hafidha, Ijumaa iliyopita tukichambua choroko barazani. Kipande cha mwisho alikimalizia mumewe, Twalibu, alipokuja kumchukua.

Hafidha anafundisha kompyuta sekondari hapa Morogoro. Twalibu hupanda milimani Kinole kununua karafuu na iliki, akaja kuziuza sokoni. Tangu waoane, kila wakishakula chakula cha jioni walikuwa wanatandika mkeka na kucheza sataranji, na aliyeshindwa ndiye anayeamka kupika chai. Twalibu kapika chai nyingi sana. Wala haikumuuma.

Sasa Hafidha akapata wazo. Kuna watu wa mbali waliandika programu inayocheza sataranji vizuri kuliko binadamu yeyote, wakaiacha wazi, kila mtu aichukue na kuibadilisha. Lakini kompyuta za shuleni kwake hazikubali programu mpya, zinafungua kurasa za mtandao tu. Basi akataka kuigeuza iishi ndani ya ukurasa wa mtandao, mwanafunzi afungue tu acheze. Tena ukishafunguka mara moja, ufanye kazi hata pasipo na mtandao.

Mkeka ukabaki umekunjwa.

"Mwalimu, leo hatuchezi?"

"Ngoja kidogo. Huyu amegoma kufikiri."

"Huyu nani?"

"Si hii mashine."

"Jana nimekusikia unamwita mpenzi."

"Nilikuwa nambembeleza afunguke, jamani!"

Twalibu akaingia jikoni kuchemsha maji. Angekuwa mwanaume mwenzake angemfuata wakamalizana. Kompyuta utaikunja shati wapi? Na chai akawa anapika tu, bila hata kushindwa.

Siku Hafidha alipomaliza, aliufungua ukurasa kwenye simu ya mumewe. "Kesho ukifika kule Kinole, bondeni kusiko na mtandao, ujaribu. Uniambie kama anacheza."

Twalibu alijaribu, amekaa pembeni ya karafuu zilizoanikwa. Ukurasa ukafunguka vizuri kabisa. Mashine ikacheza, ikamchapa kabla hata hajamaliza muwa wake. Alivyoona inavyocheza, akajua hapa hana lake.

"Vipi, imefunguka?" Hafidha alimuuliza mlangoni.

"Haikufunguka. Nyeupe tupu, kama sanda."

Alidhani mkewe atakata tamaa arudi mkekani. Kumbe ndiyo kwanza alimpa kazi. Wiki nzima Hafidha akawa anatafuta kosa, chakula kinapoa, macho mekundu, akiulizwa neno anajibu "mmh." Twalibu akamkosa kuliko mwanzo. Na kila akipanda Kinole anafungua simu kwa siri, anataka aishinde japo mara moja, aje aseme, "Nimempiga huyo bwana wako."

Hakuwahi kuishinda.

Jumapili, wamekula mchana, mvua inashuka kutoka milimani, Hafidha akasema, "Hebu lete simu nione mwenyewe."

"Haina chaji."

"Twalibu. Lete simu."

Akaifungua. Ubao ukatokea hapo hapo, na mchezo ambao Twalibu aliuacha njiani, mfalme wake kabanwa kwenye pembe.

"Nyeupe tupu, eeh?" Hafidha alisema. "Wiki nzima natafuta kosa ambalo halipo!"

"Nisamehe, mke wangu."

"Na huyu mfalme ni wa nani? Kumbe unacheza naye huko?"

"Kila nikipanda."

"Kila ukipanda! Mimi niko hapa, wewe unajificha kwenye karafuu kucheza na mwingine?"

"Mwingine yupi, wakati wewe ndiye uliyemleta nyumbani? Nilitaka nimshinde, ujue na mimi bado nafaa kucheza na wewe."

Hafidha akafunga kompyuta, akachukua mkeka mwenyewe, akautandika.

Wakapanga kete, wakaanza. Lakini wiki ile ilikuwa imemchosha Hafidha. Katikati ya mchezo, malkia wake yuko hatarini na hajamwona, akalaza shavu kwenye mkeka afikirie vizuri, na usingizi ukampitia.

Twalibu akamwona yule malkia. Ilikuwa zamu yake, na mkono ulikwishafika juu ya farasi. Akaurudisha. Akamfunika mkewe kanga, akajinyoosha upande wa pili wa ubao taratibu, asiguse kete hata moja. Mvua ilikuwa bado inapiga bati alipolala.