Ushuhuda wa Mariakutty

Kila Jumamosi jioni, kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba ya Wakristo wa asili ya Kihindi viungani mwa Filadelfia, Jeslin alijifunika shali kichwani, akaketi juu ya zulia pamoja na wasichana wengine, na badala ya kuomba akajibu maswali ya usaili wa chuo cha udaktari. Aliyajibu kimoyomoyo, midomo ikichezacheza, na kina anti waliomtazama walisema mtoto huyu ana roho ya sala. Kwa nini unataka kuwa daktari? Mbona una haraka, kwa nini usimalize chuo kwanza kama wenzako? Tueleze siku uliposimama karibu na mgonjwa.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya kwao. Viatu vilijaa mlangoni mpaka kwenye ngazi. Mama yake, Lisamma, alikuwa ametoka kazini hospitali asubuhi na hakulala. Alipika muhogo na samaki wa pilipili, akakaanga katlesi, akapiga pasi pazia la sebuleni ambalo hakuna mtu angelitazama. Zaburi ilikuwa imekwisha kusomwa, Jeslin yuko katikati ya jibu la tatu, padre alipouliza kama kuna mwenye ushuhuda. Mariakutty, bibi yake Ansu, mmoja wa wasichana wa pale zuliani, akajiinua taratibu kwa kushika bega la mjukuu wake.

Kwa kawaida Mariakutty alishukuru kwa ajili ya magoti yake. Watu waliyajua magoti yale, la kulia na la kushoto, na baadhi yao walikuwa wameanza kukunja vitabu vya nyimbo wakinusa muhogo. Lakini safari hii hakuyataja.

"Namshukuru Mungu kwa ajili ya Ansu wangu," alisema. "Likizo nzima amekuwa na yule bingwa wa moyo, Daktari Weller. Anamfuata kitanda kwa kitanda, mpaka chumba cha upasuaji ameingia. Sasa daktari amemwandikia barua ya kuombea ile ya miaka minane. Na haya yote yamepitia mikononi mwa Lisamma. Yeye ndiye aliyemchukua mtoto wangu akampeleka kwa daktari. Mimi sina cha kumlipa. Mungu atamlipa."

Watu wakaitikia amina. Nyuso zote ziligeukia mlango wa jikoni, alikosimama Lisamma na birika la chai, na wanawake wakamtikisia kichwa kwa upendo. Lisamma alikuwa akilitazama birika. Jeslin alisikia masikio yanamwaka moto chini ya shali. Akabaki ameinama, na jibu la tatu likaishia katikati.

Kozi ile ya miaka minane ndiyo kila msichana wa pale zuliani aliyokuwa akiiota. Vyuo vichache tu viliitoa: unaomba mara moja ungali sekondari, ukikubaliwa unapita chuo na shule ya udaktari mpaka mwisho bila kuomba tena. Alama Jeslin alikuwa nazo. Mshauri wa shule alikwisha kumwambia, kwa upole lakini bila kuzungusha maneno, kwamba alama wanazo wote. Alichokosa ni muda wa kukaa na daktari kazini, na barua ya daktari aliyemwona mbele ya wagonjwa. Bila hivyo wasingemwita hata kwenye usaili. Na mwisho wa kuomba ulikuwa mwisho wa mwezi huu wa Oktoba.

Tangu majira ya kuchipua alikuwa amemwomba mama yake amsemee kwa Daktari Weller. Lisamma alikuwa muuguzi wa wodi ile ya moyo tangu kabla Jeslin hajazaliwa. Akasema atamuuliza. Likizo ilipokaribia akasema, huku akimpakia chakula cha shule, kwamba daktari hachukui wanafunzi tena, hospitali imebadilisha taratibu. Jeslin aliamini. Haikumpitikia kwamba kuna kitu cha kutilia shaka. Likizo yake akaimaliza kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akisukuma viti vya magurudumu na kuwasomea wazee namba za bahati nasibu kwa sauti kubwa, kisha kuzirudia.

Chakula kilipotolewa alizunguka na sinia la chai, maana angefanya nini. Anti mmoja mnene, mcheshi wa kanisa, alionja akakunja uso. "Daktari Jeslin, chai hii haina sukari. Umeshaanza kututibu kabla hujasoma?" Wenzake wakacheka. Jeslin akacheka pia, akaenda kuleta sukari.

Ansu alimkuta kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, akaketi pembeni yake bila kumgusa. Walikuwa wamekaa benchi moja kanisani tangu utotoni. Lakini hakuna aliyekuwa akimuuliza mwenzake amefikia wapi na maombi ya chuo. Mambo ya miaka minane yalifichwa kama mimba changa, watu wasije wakayatia jicho. Mariakutty peke yake ndiye ambaye hakuweza kumficha Mungu jambo mbele za watu.

"Kumbe hukujua," Ansu alisema.

"Ningejulia wapi?"

"Anti Lisamma aliniambia wewe una daktari wako, wa watoto, huko katikati ya Filadelfia. Akasema nisikuulize, utaona kama nakuchunguza."

"Mimi nilikuwa nasukuma vibibi, Ansu."

Ansu alianza kucheka, kicheko kikamgeukia, akajifuta macho kwa ncha ya shali. Akasema atazungumza na Daktari Weller, labda atakubali Jeslin aje hata hizi siku chache zilizobaki. Jeslin alimshukuru. Alimshukuru vile mtu anavyoshukuru akifungiwa mabaki ya karamu ambayo hakualikwa. Na alijua Ansu hana kosa. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba akitafuta wa kumkasirikia anamkuta mmoja tu, naye yuko jikoni anawawekea watu samaki.

Wageni walipoondoka, baba yake akatoka kuwarudisha Ansu na bibi yake nyumbani. Lisamma alikuwa anasugua sufuria ya muhogo iliyoshika chini. Jeslin akasimama kando ya meza.

"Amma, Daktari Weller alikataa wanafunzi?"

"Osha hizo glasi kwanza."

Jeslin akaosha glasi moja, akaifuta, akaiweka. Mama yake akaanza kuongea bila kugeuka. Mariakutty amemlea yule mtoto peke yake, alisema. Bibi huyo alimwomba mbele ya watu, pale nje ya kanisa, naye angemjibu nini? Isitoshe Jeslin ana alama nzuri kuliko wote, atapata tu, hahitaji kubebwa.

"Ungeniambia," Jeslin alisema. "Ungeniambia ni kwa ajili ya Ansu, ningempa nafasi mwenyewe. Unajua ningempa."

Lisamma akaongeza nguvu kwenye kusugua.

"Lakini mimi ndiye niliyekuomba wa kwanza. Ulimuuliza kwa ajili yangu?"

Maji yaliendelea kumwagika. Mama yake akasema, "Sikumuuliza."

Jeslin alikuwa amelijua jibu hilo tangu ushuhuda, ila kulisikia lilikuwa jambo jingine. Alishika ukingo wa meza. Akamwona kimawazo mama yake akimfungia chakula asubuhi ile, akimdanganya, akimwongezea na ndizi.

"Hutaki niwe daktari."

"Usiseme upuuzi. Nani alikuwa anakuamsha usome?"

"Basi unaona siwezi. Uliona nitakutia aibu mbele yake."

"Wewe?" Lisamma akafunga bomba. Mikono yake ilikuwa na povu mpaka viwikoni. "Wewe unitie aibu mimi?"

"Sasa ni nini, Amma? Mbona Ansu umeweza kumpeleka?"

Lisamma akavuta kiti, akakaa, povu likimdondokea kwenye sari yake nzuri ya Jumamosi, na hakulifuta.

"Kwa sababu Ansu si wangu," alisema. "Yule mtu, mwanangu, ananiita kwa kupiga vidole. Mwaka jana alinirushia faili mbele ya mgonjwa, karatasi zikatapakaa sakafuni, nikapiga magoti nikaziokota, nikamwambia samahani, daktari. Ansu akiona mambo hayo anakwenda kwao. Wewe ungerudi hapa. Ungekaa meza hii, ungekula nilichopika, na ungekuwa umeona. Nikikwambia soma, ungekuwa umeona. Sikutaka unione, Jeslin. Ndiyo hiyo. Wote wananiona, ila wewe sikutaka."