Mtu wa Kona

Nyumbani nilikuwa na sifa moja: mtu akianza sentensi, mimi namalizia. Mke wangu akisema, "Baba watoto, lile bomba..." nishadakia, "La jikoni, nitalitengeneza." Kumbe la chooni, na maji yashafika sebuleni.

"Hayo masikio," aliniambia, "ni ya kutundikia miwani."

Basi mdogo wangu alipopata pambano lake la ngumi, mtu wake wa kona nikawa mimi, na ndoo, sifongo, taulo na mdomo. Hasa mdomo.

Raundi ya kwanza tu, mpinzani wake, jamaa waliyemwita Nyundo, alimtandika ngumi ya kulia juu ya jicho, nikasikia mlio kama wa kuni kavu. Dogo akarudi kona nyusi imepasuka, damu inachuruzika hadi kifuani. Nikamtoa kinga ya meno nimpe maji.

"Kaka, upande wa kushoto..."

"Umeuacha wazi, nimeona! Inua mkono!" Nikamsukumia kinga mdomoni.

Raundi ya pili Nyundo aliuhamia upande uleule. Mbavu, sikio, taya, kama anatwanga. Dogo akawa anapiga hewa.

"Unafukuza nzi?" nikamtania kwa sauti, ukumbi ukacheka.

Aliporudi alinishika shati. "Kaka, nisikilize."

"Nakusikiliza! Umechoka, si ndiyo? Na mwenzio kachoka." Kinga mdomoni, huyo.

Raundi ya tatu alianguka kifudifudi. Akainuka refa amehesabu hadi nane, miguu inacheza ngoma yake yenyewe. Kengele ikamwokoa. Nikamtoa kinga, nikamnywesha, nikaiinua tena huku nimeshaanza, "Najua unachotaka kuse..."

Akanitandika. Ngumi safi kuliko zote alizorusha siku ile! Jino langu likadondoka ndoani, ukumbi ukasimama kushangilia. Nikafungua mdomo nimtukane, ikatoka damu tupu.

Ndipo dogo akapata nafasi ya kuongea.

"Jicho hili halioni. Tangu raundi ya kwanza. Nikirudi pale ataniua, kaka, na kujitoa mwenyewe naona aibu. Rusha taulo."

Nikarusha, likamfunika refa usoni.

Daktari alimshona, akamfanyia upasuaji. "Jicho litarudi polepole," alituambia. "Mngeongeza raundi moja, hapa tungekuwa na maiti." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, asiyesikia la mdogo, mimi najua kinachovunjika.

Wiki iliyofuata dogo alikuja kwangu kula, jicho limefungwa bandeji. Mke wangu akaanza, "Baba watoto, lile bomba..."

Ulimi ukaruka kwa mazoea, ukakutana na pengo. Nikautuliza hapohapo.

"...la chooni," akaendelea, akinitazama kama mgeni, "linavuja tena. Na nimechoka kukuambia."

"Pole, mke wangu," nikasema. "Linavujia wapi? Nieleze."

Dogo akameza tonge, akatabasamu upande mmoja.

"Kaka, jino jingine likikuota, niite."