Mlango wa Ubavuni

Mtaa mzima ulimwita Sista, ingawa alishastaafu uuguzi zamani na sindano pekee aliyoishika siku hizi ilikuwa ya kushonea vifungo. Aliishi peke yake katika nyumba aliyoijenga babu yake. Halmashauri ilipoitambua kuwa nyumba ya kale, alishusha pumzi: isingebomolewa tena kupisha maduka. Ila afisa aliyekuja na picha ya zamani alimweleza kuwa lazima nyumba irudi ilivyokuwa, na pale ubavuni palikuwa na mlango uliozibwa kwa matofali.

Sista aliujua. Mdogo wake, kitinda mimba, alitokea hapo siku aliyogombana na mama yao, asirudi. Mama alimngoja mpaka akachoka, kisha akaita mtu auzibe. Alisema akija apite mbele kama watu wengine. Tangu hapo, kila giza likiingia, ukuta ule uligongwa taratibu, kwa vidole, kama na mtu anayeona haya. Mama alikufa akisema ni panya. Sista naye akazoea kusema hivyohivyo.

Sista hakumwambia afisa kitu. Ila alimwambia fundi aliyekuja kuuzibua, maana hakutaka ashtuke. Fundi, mtu wa mizaha, akasema panya wanaobisha hodi wana adabu kuliko wapangaji wake. Alipozunguka nje na nyundo, mzaha ukamwisha. Usawa wa kifua, matofali yalikuwa yamelika, yamekuwa laini kama kizingiti kilichokanyagwa miaka mingi.

"Huyu si panya, mama."

"Najua, mwanangu. Endelea."

Mlango ukapachikwa. Afisa akaja, akapiga picha, akasifu kazi, akaenda zake. Jioni Sista aliketi chumbani humo, mlango wazi. Hodi haikubishwa. Kisha kiti cha pembeni kikalia, kama kinavyolia mtu akikikalia, na chumba kikanuka vumbi la njiani.

Alikuwa na mengi ya kumwambia mdogo wake: kwamba mama amekufa, kwamba alimngoja, kwamba yeye mwenyewe alisikia hodi miaka yote akajitia kiziwi.

"Umeshakula?" aliuliza.

Kiti kililia tena, kama cha mtu aliyejiegemeza. Basi akanyanyuka, akaenda jikoni kubandika chai ya watu wawili.