Shimo la Migomba

Siku Salumu alipozikwa, mdogo wake Khalfani ndiye aliyeshuka kaburini na wenzake wawili, kumpokea upande wa kichwa. Mwili ulipokuwa mikononi mwao, kabla hawajauingiza kwenye mwanandani, kile kichumba chembamba kinachochimbwa ubavuni mwa kaburi, kikohozi kilimkamata. Hakikuwa kikohozi cha kusafisha koo. Kilimkunja mgongo, kikamtoa machozi, mikono ikamlegea. Jirani yao Badru, aliyekuwa katikati, akaubana mwili kwa kifua chake mpaka kikohozi kikapita. Kabla ya alasiri habari ilikuwa imeshafika nyumbani, kwa mama yao, Bi Mwanaasha, aliyekuwa amekaa ndani na wanawake wenzake.

Hakumwita siku ile. Aliacha matanga yaishe, wageni watawanyike, mikeka ya watu irudishwe kwa wenyewe, ndipo akamkalisha Khalfani, fundi wa nguo, barazani, pembeni ya cherehani yake. Salumu aliondoka na kifua, baada ya miaka thelathini ya sigara. Khalfani naye alikuwa na miaka ishirini na mbili ya pakiti moja kwa siku.

"Mie mwanamke," alisema Bi Mwanaasha. "Sitaki kupokewa na mikono ya watu huko chini. Nilikuwa nawategemea nyie wawili, sasa umebaki wewe. Na wewe hata kaka yako ulitaka kumdondosha."

Khalfani alichukua pakiti iliyokuwa kwenye droo ya cherehani, akaenda kuitumbukiza chooni. Wala hakuapa. Alimwambia tu mama yake kwamba yeye ndiye atakayempokea, na kwamba hatakohoa.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Mikono ya fundi cherehani haikai bure, lakini kila alipomaliza mshono mmoja, kabla hajaanza mwingine, vidole vilikwenda wenyewe mfukoni kutafuta kiberiti. Alikuwa mkali kwa wateja. Bi Mwanaasha aliliona hilo na akaja na dawa yake. Alijaza kopo la maziwa ya unga kashata za nazi, akaliweka juu ya meza ya cherehani, akamwambia kila hamu ikija atie moja mdomoni. Na hamu ilikuja mara ishirini kwa siku. Kopo likiisha, lilijazwa kabla hajauliza. Asubuhi vitumbua, jioni wali wa nazi na samaki wa kupaka, na ladha iliyokuwa imekufa kwa moshi ilifufuka yote kwa mkupuo. Khalfani, aliyeachana na mkewe miaka mingi nyuma na kuzoea kula kwa kudonoa, alijikuta akifuta sahani kwa kidole.

Watu walimsifu. Walisema amenawiri, kuacha sigara kumempendeza, sasa anafanana na mtu mwenye duka. Kikohozi kilipungua, kikaondoka. Mama yake alimtazama kwa raha kama mtu anayetazama wali uliojaa sinia.

Mtu mwingine angejua mapema kwamba mambo yameharibika, kwa sababu suruali ingemkatalia. Khalfani alikuwa fundi. Suruali ilipobana aliifumua kiunoni, akatoa nusu inchi kwenye ile akiba ya kitambaa ambayo kila fundi mwenye busara huiacha ndani ya mshono, akashona upya, akavaa. Baada ya mwezi alitoa nusu nyingine. Akiba ilipokwisha, alitia kipande cha pembetatu nyuma, kikakaa vizuri kiasi kwamba hata yeye mwenyewe alikisahau. Kwa miezi minane hakuna nguo iliyomwambia ukweli.

Aliyemwambia ni kaburi. Mzee Twaha wa mtaa wa pili alifariki, na Khalfani akashuka kama alivyozoea. Kule chini alikuta nafasi imekuwa ndogo. Alipoinama kumlaza mzee kwenye mwanandani tumbo lilimzuia, akalazimika kupiga magoti, na goti likakanyaga ncha ya sanda. Walipokwisha kupanga viunza, zile mbao za kumfunika maiti, wenzake wawili walijivuta wakatoka. Yeye aliweka viganja ukingoni, akajisukuma, akarudi chini. Akajisukuma tena. Udongo ulimomonyoka ukamwagika juu ya viunza. Mwishowe Badru na mwenzake walimshika kwapani, wakamtoa.

Njiani kurudi, Badru, ambaye mdomo wake haujui kupumzika hata makaburini, alimwambia kwamba leo wamemvuta kama gunia la mkaa wa Kisarawe, na lile gunia angalau lina masikio ya kushikia. Watu walicheka kidogo, kwa heshima ya siku. Khalfani alicheka pia. Ila wiki tatu baadaye kulikuwa na maziko mengine, na kabla hajavua viatu mtu mwingine alikuwa ameshashuka, wala hakuna aliyegeuka kumtazama. Hapo hakucheka.

Badru hakuwa mtu mbaya. Jioni ile alikuja barazani, akajitetea, kisha akatoa ushauri. "Fundi, fegi mbili tu kwa siku. Moja asubuhi, moja jioni. Utakauka kama zamani, utaingia kaburini na kutoka kama mjusi. Sasa hivi unene huo na ahadi ya mama, utafanyaje?" Akatoa sigara moja, akaiweka juu ya meza, karibu na kopo la kashata, akaenda zake.

Khalfani alikaa na vitu vile viwili mbele yake. Alichukua futi yake ya kupimia, akajizungushia kiunoni kama anavyowazungushia wateja, bila kuvuta tumbo. Thelathini na mbili imekuwa arobaini. Alisoma namba mara mbili. Kisha akainua ile sigara akainusa, na harufu ikamwingia mpaka kwenye magoti. Ilikuwa kweli kwamba ingempunguza. Ilikuwa kweli pia kwamba siku ya siku angekuwa mwembamba, ameshika kichwa cha mama yake, na kifua kinaanza kupanda.

Alichukua mkasi wa kitambaa, ule asiomruhusu mtu kukatia hata karatasi, akaikata ile sigara vipande vipande.

Kesho yake alikwenda zahanati. Tabibu, mtu mmoja wa Bukoba anayeitwa Kamugisha, mwenye kuongea taratibu kama anayesomea watoto imla, alimpima na kumwambia kwamba amefanya jambo kubwa kuacha sigara na asithubutu kurudi. Wengi huongezeka uzito wakiacha, alisema, kwa sababu njaa inarudi na mdomo unataka kazi. Basi mdomo apewe kazi isiyo na sukari: maji, karafuu, mswaki, kipande cha tango. Apunguze wali, aongeze mboga, atembee kila siku mpaka jasho litoke. Na asitegemee miujiza. Kilo kumi na sita zilizoingia kwa miezi minane haziwezi kutoka kwa wiki mbili.

Mboga na matembezi havikumtisha Khalfani. Lililomtisha ni kopo. Kumkatalia mama yake kashata ilikuwa kama kumrudishia mkono wake. Siku ya kwanza alipolisukuma pembeni, Bi Mwanaasha aliuliza kama zimechacha. Siku ya pili aliuliza ni nani anayempikia kwingine. Siku ya tatu hakumuuliza kitu, hakumjibu hata salamu, akala peke yake chumbani. Ikabidi Khalfani amfuate, akae chini miguuni pake, amweleze yote: goti juu ya sanda ya mzee Twaha, udongo uliomwagika, gunia la mkaa.

Bi Mwanaasha alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe mie ndiye niliyekunenepesha," alisema.

"Uliniponya sigara, mama."

"Nilikuponya hiki nikakutia kile. Basi niachie. Aliyekutia ndiye atakayekutoa."

Tangu siku ile jikoni paligeuka. Nazi iliingia Ijumaa tu. Wali ulipimwa kwa bakuli la chai, na juu yake mlima wa mchicha au kisamvu kisicho na karanga. Kopo lilijazwa karafuu na vijiti vya mswaki vilivyokatwa sawasawa. Asubuhi, kabla hajakalia cherehani, alitumwa kwa mguu kununua dagaa soko la mbali, na akirudi mapema aliulizwa amepanda boda ya nani.

Shimo lilikuwa wazo la Khalfani. Nyuma ya nyumba, kama kwingi Chanika, kulikuwa na kiwanja kitupu, na mama yake siku zote alitaka migomba. Akaanza kuchimba. Shimo la mgomba hufika magotini, au kiunoni likizidi sana. Lake lilipita kiunoni, likafika kifuani, refu kuliko pana, na mama yake aliyekuwa akimtazama kutoka kwenye mkeka wake ukutani akaelewa kabla hajaambiwa. Hakushtuka. Aliuliza tu kama hapo kichwani patamtosha, kwa maana yeye ni mrefu.

Kuanzia hapo, kila siku ikifika saa kumi na moja jioni Khalfani alifunika cherehani, akaenda nyuma, akashuka na kupanda. Kushuka, kuinama mpaka chini, kusimama, viganja ukingoni, kujisukuma, kutoka. Mara ya kwanza alitoka kwa tumbo, kama samaki anayepanda mchangani, na akalala pale akihema. Bi Mwanaasha alihesabu kwa tasbihi yake.

"Hapo umenimwagia udongo," alimwambia.

Au: "Leo umepumzika mara mbili. Mie nitakuwa nangoja jua likiniwakia?"

Majirani waliuliza fundi anachimba kaburi la nani. Bi Mwanaasha aliwajibu kwamba ni la migomba, na migomba ya mwanawe ina mizizi mirefu. Badru alikuja siku moja kucheka, akatazama, akaondoka bila kucheka. Siku ya pili alirudi na kushuka shimoni pamoja naye.

Haikwenda kwa mstari ulionyooka. Kulikuwa na harusi Mbagala ambako pilau ilimshinda, akarudi na kilo mbili. Kulikuwa na futari za Ramadhani. Kulikuwa na siku za hamu, hasa mvua ikinyesha na wateja wakikosekana, ambapo alitafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Lakini suruali iliyompwaya hakuiacha impwaye. Aliipunguza nusu inchi, na kile kitambaa kilichozidi ndani ya mshono, ile akiba, alikikata akakitupa. Ilikuwa kazi ambayo fundi yeyote angeilaani. Alitaka isiwepo njia ya kurudi.

Mwaka ulipopita, futi ilisema thelathini na tano. Zilikuwa zimetoka kilo kumi. Kamugisha alimwambia hizo zinatosha kuitwa ushindi, sita zilizobaki aziendee polepole. Shimoni alikuwa akitoka mara kumi bila kumomonyoa ukingo.

Bi Mwanaasha alifariki Jumanne moja asubuhi, amekaa juu ya msala baada ya alfajiri. Hakuwa ameugua zaidi ya siku mbili.

Makaburini, shuka lilitandazwa juu ya kaburi kama inavyofanywa kwa mwanamke, na Khalfani akavua viatu. Safari hii hakuna aliyemtangulia. Alishuka upande wa kichwa, Badru katikati, mtu wa msikitini miguuni. Alipompokea, alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi, mwanamke mrefu vile. Aliinama mpaka chini, akamwingiza kwenye mwanandani, akamlaza ubavu wa kulia, akamfungua fundo la sanda kichwani, akaliweka shavu lake juu ya udongo. Kifua cha Khalfani kilikuwa kimetulia. Walipanga viunza. Wenzake wakatoka. Yeye aliweka viganja ukingoni, na juu yake Badru alinyoosha mkono, kisha akaurudisha mwenyewe. Khalfani alijisukuma mara moja akatoka. Hata chembe haikuanguka.

Siku ya nne, wageni walipokwisha kuondoka, nyumba ilinyamaza, na hamu ya sigara ikaja kwa nguvu ambayo hakuijua tangu wiki ile ya kwanza. Alikaa nayo kwenye cherehani. Alifungua kopo, akakuta karafuu zimejaa hadi juu. Hakujua mama yake alizijaza lini.

Ilipofika saa kumi na moja alifunika cherehani akaenda nyuma. Mkeka ulikuwa umekunjwa, umeegemezwa ukutani. Aliutandika mahali pake, akaweka tasbihi juu yake, akashuka shimoni. Alihesabu mwenyewe, kwa sauti, mpaka kumi, na ya kumi na moja akaiongeza.